Mbona michongo ya Donatello inatoka bapa kwenye picha?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa Mombasa. Mwaka jana nilipita London nikalipiga picha bamba la Kupaa kwa Kristo la Donatello, mchongaji wa Florence wa karne ya 15, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Kwa macho niliona mawingu, miti na watu waliosimama mbele na nyuma. Kwenye picha nimepata kipande cha kijivu kisicho na kitu. Mwezi ujao nitakuwa Florence siku 3. Nina kamera ya sensa ya APS-C, lenzi ya 18–55 na nyingine ya 50 mm f/1.8, pamoja na simu. Flashi na tripodi najua haviruhusiwi. Nifanye nini ili wanafunzi wangu waone nilichokiona?

JIBU: Mwalimu, kamera yako haina kosa, na ile lenzi ya 50 ndiyo utakayoitegemea zaidi Florence. Ila ulianza na kazi ngumu mno. Bamba lile la marumaru, lililochongwa kati ya 1428 na 1430 hivi, lina upana wa sentimita 114 na kimo cha karibu sentimita 41, na takriban kila kinachoonekana ndani yake kimo katika unene wa milimita chache. Waitalia huuita uchongaji huo schiacciato, yaani uliobonyezwa. Hapo Donatello hakutoa maumbo kwenye jiwe kama mtu anayechonga sanamu. Alilipa jiwe miinamo midogo sana, na mwanga ukiipitia miinamo hiyo kwa ubavu, vivuli vyepesi hufanya kazi ya kalamu. Vivuli visipokuwepo, jiwe hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo katika michongo ya namna hii, kinachopigwa picha hasa ni kivuli.

Hesabu yake ni fupi, na ukishaielewa hutahitaji kukariri kanuni. Uso wa jiwe hung'aa kulingana na pembe ambayo mwanga unaupiga. Tuseme taa iko nyuma ya mabega yako, inaliangaza bamba moja kwa moja. Shavu lililoinama nyuzi 5 litapungukiwa mwanga kwa asilimia 0.4 tu likilinganishwa na bamba lenyewe, na hakuna jicho wala sensa itakayoiona tofauti hiyo. Sasa ihamishe taa ubavuni mpaka mwanga wake uwe umebakiza nyuzi 15 tu kulala juu ya bamba. Shavu lilelile likiielekea taa linapata asilimia 32 zaidi. Likiipa taa kisogo linapungukiwa asilimia 33. Ukingo ulioinuka milimita 3 hutupa kivuli cha milimita 3 mwanga ukija kwa nyuzi 45, na cha milimita 11 ukija kwa nyuzi 15. Jiwe ni lilelile na mkono wa mchongaji ni uleule, ila sasa picha ina kitu cha kuonyesha.

Ndiyo maana flashi ya kwenye kamera isingekusaidia hata ungeruhusiwa. Iko karibu sana na lenzi, hivyo kila kivuli inachotengeneza hujificha nyuma ya umbo, mahali ambapo lenzi haifiki.

Kuutafuta mwanga

Makumbushoni huwezi kuisogeza taa. Unachoweza kubadilisha ni saa ya kufika na mahali pa kusimama, na hivi viwili havina nguvu sawa kwa kila mchongo.

Kwa marumaru isiyong'arishwa, kivuli hakimfuati mtazamaji. Ukienda kushoto au kulia, vivuli vitabaki palepale vilipotupwa. Watu wengi hupoteza nusu saa wakizunguka mbele ya bamba la marumaru wakitarajia mwanga ubadilike. Kitakachoubadilisha ni saa, iwapo ukumbi una madirisha, basi. Pita asubuhi ukitazama tu, kisha rudi alasiri. Hata wingu likifunika jua, dirisha lililokuwa likitoa mwanga mkali wa upande mmoja hugeuka chanzo kipana na laini, na mchongo huonekana mwingine kabisa. Kwa schiacciato, mwanga laini lakini wa upande mmoja ndio bora. Kwa michongo iliyochomoza sana, ule ulaini unafaa zaidi, maana mwanga mkali hutupa kivuli cha kichwa kimoja juu ya uso wa jirani.

Bronzi, dhahabu na udongo wa kuchoma uliopakwa glezi (utando mgumu kama kioo) ni habari tofauti. Hizi hurudisha mng'ao kama kioo, na mng'ao humfuata mtazamaji. Kusogea sentimita 20 tu kunaweza kulitoa doa jeupe kwenye paji la uso na kulipeleka kwenye mandhari ya nyuma, ambako halina madhara. Hapa ndipo pa kuzunguka. Pinda magoti, nyanyuka, nenda hatua kushoto, huku jicho moja ukiwa umelifumba, kwa sababu lenzi nayo ina jicho moja.

Ukitaka kujua haraka mwanga unatoka wapi, simama mbali na kitu chenyewe, kunja ngumi, kisha uielekeze upande ambao bamba linatazama. Vifundo vya vidole vyako vitakuonyesha upande wa kivuli na ukali wake kuliko jiwe jeupe linavyoweza. Ukiona vivuli viwili vinavyokatana, kuna taa mbili zinazoshindana, na mara nyingi moja inatoka mbele na kufuta kazi ya mwenzake. Mwenzako akisimama katika njia ya taa hiyo ya mbele, kivuli chake kikafunika bamba zima na si nusu yake, utaona maumbo yanarudi. Mwambie mlinzi wa ukumbi mnachofanya kabla hajawauliza.

Jihadhari pia na mwanga unaotoka chini, kwa mfano ule unaodunda kutoka kwenye sakafu nyeupe. Ubongo wetu umezoea jua la juu, kwa hiyo picha iliyoangazwa kutoka chini huweza kugeuka machoni: shimo likaonekana kichuguu na pua ikaonekana bonde. Hilo hutokea hata darasani mtu akiibandika picha nzuri kichwa chini.

Florence yenyewe

Anza na Bargello. Ni makumbusho ya serikali, na tangu 2014 sheria ya Italia inaruhusu kupiga picha bila malipo katika makumbusho ya serikali kwa ajili ya masomo, ilimradi usiguse kitu, usitumie flashi wala taa yoyote, na usisimamishe tripodi wala mguu mmoja wa kamera. Kufundishia darasani kumo ndani ya ruhusa hiyo. Ukija kuuza kalenda au kitabu, ni suala jingine linalohitaji kibali. Makumbusho yasiyo ya serikali yana kanuni zake, kwa hiyo soma kibao cha mlangoni.

Katika ukumbi wa Donatello kuna bamba la Mtakatifu George akimuua joka, la mwaka 1417 hivi. Lilikuwa chini ya sanamu ya mtakatifu huyo nje ya kanisa la Orsanmichele, likiangazwa na anga. Ni ndugu wa karibu wa bamba lako la London, na ndilo zoezi lako la kwanza. Tafuta mwanga unaotoka juu kwa upande, piga bamba zima, kisha lipige vipande vipande: farasi na joka, yule binti aliyefungamanisha mikono, na matao ya jengo upande wa kulia. Usiviruke hivyo vipande. Bamba la upana wa mita 1.2 likijaza picha ya pikseli 6,000 linapata pikseli 5 kwa kila milimita, kwa hiyo mistari ya majani na mawe ya nyuma, ambayo ni mikwaruzo tu ya patasi, itapotea. Ukipiga theluthi moja moja unapata pikseli 15 kwa milimita, na hapo mikwaruzo huonekana kama mikwaruzo.

Humohumo Bargello kuna mabamba mawili ya bronzi ya mashindano ya 1401 ya kumpata mtengenezaji wa mlango wa jengo la ubatizo la Florence, moja la Ghiberti na jingine la Brunelleschi, yote yakionyesha Ibrahimu akitaka kumtoa Isaka sadaka. Kwa mwalimu hii ni hazina, maana wachongaji wawili walipewa kisa kimoja na umbo moja la fremu. Picha zake zitakuwa na thamani ya kulinganisha iwapo tu utazipiga kwa masharti yaleyale. Weka kamera kwenye M (yaani unajipangia mwenyewe), usibadilishe tundu la lenzi, kasi ya shata, ISO (usikivu wa sensa) wala rangi ya mwanga, simama umbali uleule na kimo kilekile mbele ya kila moja. Ukiiachia kamera ijiamulie, itang'arisha bamba moja na kufifisha jingine, halafu wanafunzi watajadili tofauti ambayo ni ya mashine.

Michongo ya ukoo wa della Robbia, ile ya udongo wa kuchoma yenye maumbo meupe juu ya buluu, ina ugonjwa mmoja: madoa ya madirisha juu ya glezi. Hapa filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, ina kazi. Izungushe taratibu ukitazama doa. Litafifia sana ukiwa umesimama kwa ubavu, nyuzi 55 hivi kutoka mstari wa moja kwa moja, na litafifia kidogo tu ukiwa mbele kabisa. Filta hiyo hula mwanga mwingi, wakati mwingine hadi stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza maradufu), kwa hiyo ivue unapomaliza. Usiipeleke kwenye bronzi au dhahabu ukitarajia maajabu. Mng'ao wa chuma kitupu hauitii polaraiza jinsi mng'ao wa kioo na glezi unavyoitii.

Mlango wa Ghiberti, ule unaoitwa Mlango wa Paradiso, uliotengenezwa kati ya 1425 na 1452, uko katika Museo dell'Opera del Duomo, makumbusho ya kanisa kuu, ndani ya kabati kubwa la kioo. Mlango ulio pale kwenye jengo la ubatizo ni nakala. Mabamba ni 10, kila moja la karibu sentimita 80 kwa 80, na shida zake ni mbili kwa pamoja: kioo mbele, dhahabu nyuma. Kwa kioo, dawa si filta bali ni wewe mwenyewe. Vaa nguo nyeusi, zima taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi, punguza mwanga wa skrini, kisha usitazame mlango. Tazama kile kinachoakisiwa. Ukiona dirisha au kibao chenye taa ndani ya kioo, sogea sentimita 30 au 40 pembeni mpaka kiangukie nje ya bamba unalolitaka. Fokasi ya kamera hupenda kushika vumbi la kioo, hivyo tumia nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye ukingo mkali, kama mguu wa mtu wa mbele. Kwa dhahabu, punguza mwangaza kwa stopu 1 kamili na uangalie histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwangaza) ya rangi nyekundu, si ile ya jumla, maana dhahabu huunguza nyekundu kwanza, na manjano iliyoungua hugeuka kama plastiki.

Shughulika na safu mbili za chini tu: Musa, Yoshua, Daudi, na Sulemani akimpokea Malkia wa Sheba. Mabamba ya juu utayapata kwa kuinua kamera, na kunyoosha picha iliyoinamishwa nyuzi 30 kwa programu hunyoosha pia pua za watu. Katika mabamba haya Ghiberti alichanganya kina: watu wa mbele wamechomoza karibu kuwa sanamu kamili, wa katikati wameinuka kidogo, wa nyuma ni kama wamechorwa. Piga picha moja ukiwa mbele kabisa, halafu piga ya pili ya bamba hilohilo ukiwa ubavuni kabisa. Picha hiyo ya ubavuni haitakuwa nzuri, lakini ndiyo itakayomwonyesha mwanafunzi kwamba kichwa cha mbele kimejitokeza kwenye bamba huku jengo la nyuma likiwa na unene wa kucha.

Ukibakiwa na saa mbili, nenda Casa Buonarroti, makumbusho ya nyumba ya ukoo wa Michelangelo. Bikira Maria wa Ngazini, alilolichonga Michelangelo mnamo 1490 akiwa kijana, ni bamba la schiacciato lenye kimo cha sentimita 57 hivi. Katika nyumba hiyohiyo kuna Vita vya Sentauri (viumbe nusu mtu nusu farasi), kazi ya miaka michache baadaye, yenye miili iliyochomoza kwa nguvu. Kwa somo la mwanga mkali dhidi ya mwanga laini, sijui jozi iliyo bora zaidi.

Kamera mkononi

Kabla ya kitu kingine, umbali. Ile 18–55 ikiwa kwenye 18, ili bamba la sentimita 114 liingie itabidi usimame kwa sentimita 90 hivi. Hapo pembe za bamba ziko mbali na lenzi kuliko katikati, maumbo ya pembeni yanaonekana kwa ubavu, na mistari iliyonyooka inapinda. Kwa lenzi ya 50 unarudi mpaka mita 2.5, na vyote hivyo vinatulia. Kwa hiyo nenda na 50, na ile 18–55 itumie kwenye 55 au kwa picha za ukumbi mzima.

Uso wa sensa uwe sambamba na uso wa bamba. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, linganisha ukingo wa juu na wa chini wa fremu, halafu wa kushoto na wa kulia. Lenzi iwe kwenye kimo cha katikati ya bamba. Likiwa juu yako, rudi nyuma zaidi na ukate picha baadaye badala ya kuinua pua ya kamera. Acha nafasi ya asilimia 5 kila upande ili upate pa kunyooshea.

Sasa tundu la lenzi. Watu hufungua f/1.8 kwa sababu ukumbi una giza, na pembe za picha zinatoka laini. Kwenye f/4 lenzi za aina hiyo huwa zimekaa vizuri, na kwa umbali wa mita 2.5 una kina cha fokasi cha karibu sentimita 40, zaidi ya mchongo wowote unaopigwa moja kwa moja. Ukikaribia kwa ajili ya kipande, hesabu inabadilika kwa kasi. Kwa sentimita 60, f/4 inakupa sentimita 2 na kidogo tu, kwa hiyo funga mpaka f/8. Katika ukumbi wa mwanga wa wastani, tarajia f/4, ISO 1600 hadi 3200, na shata ya 1/60 hadi 1/125. Usiiogope ISO 3200. Chembechembe zinaondoka kwa programu, lakini mtikisiko hauondoki, na mtikisiko hufuta kwanza ile mikwaruzo ya patasi unayoitafuta.

Kwa kuwa tripodi hakuna, kaza mkanda shingoni mpaka uvutane na mikono, viwiko viguse mbavu, toa pumzi nusu, piga picha 5 mfululizo. Ya tatu au ya nne huwa kali kuliko ya kwanza, kwa sababu kidole kimeshatulia. Wengine hufunga uzi imara kwenye skrubu ya inchi 1/4 chini ya kamera, wakaukanyaga mwisho wake na kuuvuta juu; unasaidia kweli, lakini mwonyeshe mlinzi kwanza. Usiegemee ukuta wala kitako cha sanamu. Na ukitumia shata ya kimyakimya, angalia mistari ya giza inayokata picha: hiyo ni mipepeso ya taa za LED. Rudi kwenye shata ya kawaida, au weka kasi ya 1/50 au 1/100, kwa kuwa umeme wa Ulaya ni wa hezi 50.

Kile kijivu cha London kilikuwa na sababu ya pili. Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikiona marumaru nyeupe hupunguza mwangaza mpaka iwe kijivu. Ikiona bronzi nyeusi huongeza mpaka iwe kahawia iliyopauka. Kwa marumaru ongeza stopu 0.7 hadi 1, kwa bronzi punguza kiasi hichohicho, na piga faili la RAW (ghafi, kabla kamera haijalirekebisha). Histogramu ya marumaru inapaswa kukaa kulia bila kugusa ukuta. Ikigusa, ngozi ya jiwe kwenye mabega na mapaji imeshapotea, na hakuna programu itakayoirudisha.

Rangi ya mwanga nayo inasumbua pale dirisha la buluu linapokutana na taa ya manjano. Beba kadi ya kijivu ya mpiga picha, ishike mbali na kazi lakini ndani ya mwanga uleule, piga picha moja, kisha rekebisha zote kwa hiyo. Usitumie jiwe lenyewe kama kipimo cha weupe. Marumaru ya zamani ina umanjano na madoa ya karne, na hiyo ni sehemu ya sura yake. Karatasi ya kuandikia nayo ina dawa ya kuing'arisha inayovuta buluu.

Simu ina hila moja mbaya kwa kazi hii. Programu yake huunganisha picha kadhaa na kuinua vivuli ili kila kitu kionekane, nasi vivuli ndivyo tunavyovitaka. Zima HDR (huko kuunganisha picha) ikiwezekana, au piga RAW, au angalau gusa skrini na uteremshe mwangaza. Tumia lenzi ya 2x au 3x, si ile pana. Ila simu nyingi, zikiona giza au ukiwa karibu, huikata kimyakimya picha ya lenzi kuu na kuiita 3x. Ziba lenzi ya mbali kwa kidole: picha kwenye skrini isipozibika, umedanganywa, na itakubidi urudi nyuma au utafute mwanga zaidi.

Nyumbani, kwenye programu, kazi iwe ndogo. Nyoosha fremu, rekebisha rangi kwa ile kadi, piga mkunjo mwepesi wa S, yaani giza lizidi kidogo na mwanga uzidi kidogo. Kitelezi cha kukaza utofauti wa karibu kiishie 10 hadi 20. Zaidi ya hapo marumaru inakuwa saruji na kila mkwaruzo unaonekana ufa. Sehemu ing'aayo kuliko zote isivuke 245 katika kipimo cha 255. Ukitaka wanafunzi waone umbo bila kuvutwa na madoa, tengeneza nakala ya nyeusi na nyeupe, lakini uwaonyeshe zote mbili.

Baada ya kila kundi la picha, piga kibao cha maelezo chenye namba ya kazi. Bamba lako la London ni 7629-1861, na kwa namba hiyo utapata vipimo na historia yake kwenye tovuti ya makumbusho bila kubahatisha. Rekodi pia saa na upande wa dirisha. Ukirudi Bargello siku ya tatu utajua ni saa ngapi Mtakatifu George alionekana vizuri.

Una mwezi mzima wa mazoezi, na mwalimu wake uko naye Mombasa. Tafuta mlango wa nakshi Mji wa Kale unaotazama mashariki, usio na roshani juu yake wala nyumba ndefu mbele. Kwenye saa tano na nusu asubuhi jua linakuwa limebakiza nyuzi 10 hadi 15 tu kulala juu ya mbao, likishuka kutoka juu, na kila jani lililochongwa linatoa kivuli chake. Piga mlango huo saa mbili asubuhi, jua likiupiga usoni, kisha saa tano na nusu, kisha alasiri ukiwa kivulini, bila kubadilisha mahali pa kusimama. Ziweke picha hizo tatu sambamba. Halafu rudia saa tano na nusu ukiwa na 18 mm kwa karibu na 50 mm kwa mbali, ukihesabu sekunde unazohitaji kuilinganisha fremu na gridi. Ukiweza kwa sekunde 20, uko tayari kwa ukumbi wenye watalii.